Picha ya Mlangoni

Kitu cha kwanza kilichonipokea nyumbani kwa mama mkwe wangu pale Ikonge kilikuwa uso wangu mwenyewe. Ulibandikwa kwenye ukuta wa zizi la ng'ombe, kwenye bango la kung'aa, umelainishwa mpaka kovu langu la kidevuni likapotea. Kando yangu alisimama mume wangu, Cleophas Ratemo, bingwa wa dunia wa mbio za nyika mara mbili, mkono wake begani mwangu. Chini yake waliandika: "Familia Kwanza. Ratemo Rais." Picha hiyo hatukuwahi kuipiga. Mtu alinitoa kwenye picha ya harusi ya binamu yangu akanibandika kwake. Nilishuka kwenye pikipiki na kikapu changu cha chakula, nikamtazama huyo mwanamke asiye na kovu.

Kikapuni nilikuwa na matoke na mboga ya chinsaga. Mboga hiyo ni chungu, ndiyo maana nilikuwa nimeilaza kwenye maziwa tangu juzi, vile Cleo anavyoipenda. Nilifunga duka langu la sare za shule kule Nyamira mjini mapema, na kulifunga duka wiki ya kufungua shule si mchezo. Sitaki uongo. Nilikuja kusamehe.

Kulikuwa na mengi ya kusamehe. Tangu aanze kuutafuta urais wa shirikisho la kimataifa la mbio za nyika, Cleo aliishi Nairobi na angani, na kule Nairobi alikuwapo Phanice, msichana wa kumpangia safari. Alimpangia na mengine. Nilijua, na yeye alijua kwamba najua, na tuliendelea kuulizana kwa simu kama Lorna, binti yetu, amelipiwa safari ya shule. Kisha akaja nyumbani kupigwa filamu ya kampeni. Wakamwambia aruke mistari ya chai shambani kwa mama yake kama alivyokuwa akiruka ujanani. Hakuna aliyemkumbusha kwamba chai ile ilikuwa imetoka kupogolewa. Mtu aliyewashinda Wahabeshi kwenye matope ya Ulaya akachanwa na shina la chai ya mamaye, shavu la mguu likafunguka.

Niliposikia, nilicheka kwanza. Halafu nikalia. Kulia ndiko kulikonifundisha kwamba bado nampenda. Basi nikajiwekea ahadi: nitaenda, nitaingia alipolala, na akinishika mkono kama zamani, yameisha. Sitadai maelezo. Mkono tu.

Nilivua viatu barazani kwa sababu ya matope, nikaingia sebuleni. Mama Bathsheba alikuwa ameketi kwenye mlango wa chumba cha mgonjwa. Sisemi karibu na mlango. Mlangoni hasa, kwenye kigoda, magoti yake yameziba njia. Mama Bathsheba ni shemasi wa kanisa la Sabato. Analima chai na haiweki mdomoni, na mgeni wake hupewa maziwa ya moto atake asitake.

"Mama, habari ya mgonjwa?"

"Anaendelea. Weka chakula mezani."

Sisi wawili huongea Kigusii, nami nayasema hapa kwa Kiswahili.

"Nimpelekee mwenyewe. Nimempikia chinsaga."

"Weka mezani, mama Lorna. Alfayo atampelekea."

"Kwani amelala?"

Alilinyoosha pazia la mlango nyuma yake. Nyuma ya pazia Cleo alikuwa akicheka kwa Kiingereza na mtu wa simu. Harufu ya manukato yake ilivuka pazia ikanifikia, na ndani ya manukato kulikuwa na harufu nyingine, ya kidonda kinachokataa kukauka. Niliweka kikapu mezani.

Alfayo akatoka jikoni na simu mbili mkononi. Yeye ni mtoto wa ndugu ya marehemu baba mkwe, na siku hizi ndiye meneja wa kampeni.

"Shemeji, umekuja saa poa kabisa. Mgeni ashapita Ekerenyo, saa yoyote ako hapa. Bi. Saumu Mhina, wa Tanga, ndiye anaongoza wajumbe. Huyo mama akikubali Cleo, kura za hii region yote zimeingia kwa mfuko."

"Sawa. Mimi nifanye nini?"

"Kidogo tu. Utasimama hapa kwa mlango. Usiingie. Cleo ako kwa kitanda anakuangalia, na wewe unamwangalia. Mimi nachukua picha kutoka hii kona. Hiyo engo itawaleta karibu, mtakaa ni kama mmeshikana."

"Kama kushikana ndiko mnakotaka, si niingie tushikane?"

Alfayo akaangalia simu ya kwanza, akaangalia ya pili. Mama Bathsheba akaangalia sakafu. Hapo ndipo nikaelewa kwa nini kigoda kiko mlangoni.

Kwetu kuna kitu kinaitwa amasangia. Asiye wa kwetu nitamweleza hivi: mke akitembea nje ya ndoa, halafu mumewe akaugua au akamwaga damu, mke huyo asikanyage alipolazwa. Akivuka mlango, mgonjwa atazidiwa na atakufa. Ndiyo sababu mtu akilazwa, macho ya ukoo yote huwa kwenye miguu ya mkewe. Akiingia, ni safi. Akibaki nje, amejisema. Na mume akitembea nje, mke akaugua? Hapo hakuna kitu. Hata mafua ya mke hayaongezeki.

Mama Bathsheba ndiye anayetufundisha sisi wanawake, Sabato baada ya ibada, kwamba mambo hayo ni ya giza tuyaache.

"Mama," nilimwambia, "ni wewe umesema nisiingie, ama ni yeye?"

"Mimi ni mzazi. Nimebaki na mtoto mmoja."

"Sikuuliza umebaki na wangapi."

"Muulize mwenyewe," akasema, na akalivuta pazia kando bila kuinuka.

Cleo alikuwa ameegemea mito mitatu, amevaa suti ya michezo yenye rangi za bendera, mguu umenyooshwa juu ya blanketi. Alikuwa mzuri bado. Hilo liliniudhi kuliko yote. Macho yake yalinipitia kuanzia usoni yakashuka, nikadhani ananitazama kama mwanamume anavyomtazama mkewe. Kumbe yalikuwa yanapima umbali wa miguu yangu na kizingiti.

Niliangalia nyayo zake. Enzi zile anafanya mazoezi, tukiwa na chumba kimoja cha kupanga pale Ekerenyo, kucha zake za miguu zilikuwa zinakufa kwa mbio, zinageuka nyeusi, zinaoza. Nilikuwa naloweka miguu yake kwenye karai, naipakata mapajani, nazikata moja moja, na zilizolegea nazitoa kwa vidole vyangu. Yeye alikuwa analala huku mkono wake umeshika wangu. Watu waliniuliza kama sioni kinyaa. Sikujua hata wanaongelea nini.

"Cleo."

"Mama Lorna. Umefika salama?"

"Niite niingie."

"Ngoja mgeni apite kwanza, tutaongea vizuri."

"Niite sasa."

"Persis, wewe umesoma. Unajua mimi siamini hizi vitu."

"Basi niite."

Alivuta blanketi akafunika bandeji, kama vile macho yangu tu yanaweza kuidhuru.

"Ni mama," akasema. "Unajua vile wazee wako."

"Mama hana kidonda. Nikivuka hapa, ni nani anaogopa kufa?"

"Mguu umeanza kutoa usaha. Daktari alisema wakati huu ingekuwa imekauka. Watu wanauliza ni kwa nini."

"Ni kwa sababu kila siku unasimama juu yake upigwe picha."

"Na Duncan je?"

Nilidhani sikusikia vizuri. Duncan Onyancha ni mwalimu wa kwaya yetu, jirani wa duka.

"Duncan amefanya nini?"

"Anakubeba na pikipiki kila Sabato. Mnapita mkionekana."

"Duncan hunibeba mimi, na Lorna akiwa likizo, na kinanda cha kanisa. Wote kwa pikipiki moja. Hayo mapenzi tungeyaweka wapi?"

Alfayo akacheka, akaona hakuna mwenzake wa kucheka, akaacha.

"Sijasema umefanya," Cleo alisema, na akaishusha sauti ikawa ile laini ya kwenye redio. "Nasema kama. Kama kulikuwa na kitu, hata kidogo, mimi nimeelewa. Nimekuwa mbali, wewe ni binadamu. Mzee Nyasani wa kutakasa anakuja jioni na mbuzi, atanyunyiza dawa kidogo hapa mlangoni, na imeisha. Sitakuuliza jina la mtu. Nimekusamehe kabisa, Persis."

Mimi, niliyefunga duka nikaja kusamehe, nikawa nimesamehewa. Sikuwahi kutoka nje ya ndoa yangu. Si kwamba sikutamaniwa, na si kwamba usiku haukuwa mrefu. Sikutoka kwa sababu nilikuwa na mume.

"Na Phanice?" nilimuuliza. "Wewe atakunyunyizia nani?"

Hakuona hata aibu. Alikunja uso kama mtu aliyeulizwa swali la darasa la chini.

"Hiyo ni tofauti, mama Lorna. Hiyo haiui mtu."

Nimeshika usaha wa mtoto, nimesafisha kuhara kwa baba yangu alipokuwa anafariki, nimeondoa panya aliyeoza chini ya mabunda ya sare dukani. Sijawahi kuona kinyaa nilichokiona saa ile kwa mwanamume msafi, aliyenyolewa vizuri, kwenye shuka nyeupe. Nikageuka niondoke. Na nje gari likapiga honi.

Bi. Saumu Mhina alikuwa mama mtu mzima, mrefu, mabega ya mtu aliyewahi kutupa mkuki. Aliingia na mtandio wake, akasalimia kila mtu kwa Kiswahili kilichonyooka, mpaka Mama Bathsheba akaingiwa na woga akasema, "Karibu sana mgeni, hii nyumba iko yako, ketini tukunywe maziwa." Mgeni akakubali maziwa, akayanywa kidogo, akauliza mgonjwa yuko wapi. Kigoda kikaondolewa upesi. Cleo akaweka tabasamu usoni. Alfayo akanisukuma kwa kiwiko mpaka mahali pangu pa picha.

"Ndugu Ratemo, pole sana," Bi. Saumu alisema akiwa bado sebuleni. "Nimesoma barua yako kwa wajumbe. Umeandika vizuri kuhusu heshima ya wanariadha wanawake. Nami nimesema nije nimwone na huyo mke uliyemtaja humo."

"Ndiye huyo," Cleo alisema. "Persis. Yeye ni uti wangu wa mgongo."

"Basi tuingie sote. Tangulia mwanangu, mwenye mgonjwa ni wewe."

Akaniwekea mkono mgongoni kwa upole, kama mtu anavyompisha mwenye nyumba. Mguu wangu wa kulia ukainuka.

"Usiingie!"

Ilikuwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwa Cleo. Alikuwa amejikunja hadi ukutani, mikono mbele, mito imeanguka. "Mama, mshike. Mshike asiingie."

Mguu wangu ukabaki hewani, kisha nikaurudisha chini, upande wa nje. Mama Bathsheba alikuwa amenishika nguo.

"Kuna nini?" Bi. Saumu aliuliza.

"Ni mambo ya daktari," Alfayo akasema haraka. "Infection. Daktari amekataza watu kuingia."

"Mbona mimi nimeambiwa niingie?"

Bi. Saumu akanigeukia. Ningeweza kusema ni daktari. Nilimwona Cleo akiniomba kwa macho, na ni macho yale yale ya zamani, ya mtu aliyechoka anayetaka nimbebee kitu. Miaka yote nilimbebea. Nilipomaliza kuyatazama nilijibu.

"Anaamini nikiingia atakufa. Kwetu, mke aliyetoka nje akivuka mlango wa mume mwenye kidonda, mume anakufa. Ndiyo sababu nimewekwa hapa. Picha ilikuwa ipigwe nikiwa mlangoni, ionekane kama tumeshikana."

"Na ulitoka nje?"

"Hapana."

"Yeye?"

"Muulize."

Bi. Saumu hakumuuliza. Alimtazama tu, muda wa kutosha, na Cleo akaanza kurudisha mito mahali pake.

"Sasa wewe umesimama hapo kwa nini, mwanangu?"

Ni swali rahisi, lakini sikuwa nimejiuliza. Nilichukua karai jikoni, nikamimina maji ya moto ya chupa, nikatia chumvi. Niliporudi, nguo yangu ilishikwa tena. Nikatoa vidole vya Mama Bathsheba kwenye nguo yangu kimoja kimoja, bila nguvu, kwa sababu ni mzee na anampenda mtoto wake. Nikavuka kizingiti na kukaa kitandani.

Bingwa wa dunia alifumba macho. Alishika mbao za kitanda, jasho likamtoka juu ya mdomo, na midomo yake ikawa inaomba. Mama Bathsheba alianza kulia polepole huko sebuleni. Nikaupakata ule mguu mapajani kama zamani na kufungua bandeji. Harufu ikapanda ikayashinda manukato. Nikaosha. Nilitoa usaha wote, nikatoa kibanzi cha mti wa chai ambacho kila mtu alikiacha mle ndani, nikakausha kwa kitambaa safi. Ajabu ni kwamba kidonda hakikunichukiza hata kidogo. Ni nyama tu iliyoumia.

Nilipomaliza, Cleo alifumbua jicho moja, kisha la pili. Alitazama kifua chake kikipanda na kushuka. Halafu akanitazama mimi, na uso wake wote ukafunguka, ukawa ule wa kijana wa chumba cha Ekerenyo. Machozi yakamjaa. Akanyoosha mkono akanishika wangu, akaubana kwa vidole vyote, vilevile kabisa alivyokuwa akinishika.

"Kumbe ni kweli," akasema kwa furaha. "Kumbe hukuwa na mtu."

"Hiyo ndiyo picha," Alfayo akanong'ona nyuma yangu. "Hapo hapo, shemeji, usisonge."

Niliutazama mkono wake juu ya wangu. Nilikuwa nimeusubiri mwaka mzima na zaidi. Nilitoka Nyamira kwa ajili yake. Ulikuwa wa moto, una jasho la woga, na nilihisi kile kinyaa cha pale mlangoni kikirudi. Nikautoa mkono wangu. Niliuosha kwenye maji yale yale ya chumvi, niliyoyaona safi kuliko mkono wake, nikaupangusa kwa kitambaa.

"Unaenda wapi?" Cleo aliuliza. "Sasa unaweza kukaa. Si umeona hakuna shida? Kaa, mama Lorna."

"Kucha zako zimekuwa ndefu, Cleo," nilimwambia. "Tafuta mtu wa kukukatia."

Bi. Saumu alinipisha njia. Nilimsikia akimwomba Alfayo, kwa adabu zote, azime hiyo simu. Mama Bathsheba alikuwa barazani, ameshika nguzo. Alinitazama usoni kwa mara ya kwanza tangu nifike.

"Mwanangu," alisema, "chakula chako bado hata hakijafunuliwa."

"Mpe ale, Mama. Chakula hakina makosa."

Niliinama nichukue viatu. Ng'ombe alikuwa akijikuna kwenye ukuta wa zizi, na kona ya bango upande wangu ilikuwa imeanza kubanduka. Ndani, kitanda kilipiga kelele. Nilisikia mguu mmoja unakanyaga chini, kisha mwingine kwa maumivu, kisha sauti yake, na safari hii hakukuwa na redio ndani yake.

"Persis. Ingia. Nakuita mimi mwenyewe, ingia basi."

Ni neno nililomwomba pale mlangoni, naye akaninyima. Nikaketi kwenye ngazi ya baraza, nikapangusa matope kwenye nyayo, nikaanza kufunga kamba za viatu.